Sapraizi ya Maadhimisho ya Ndoa: Panga Wikendi ya Nanyuki kwa Simu Yako Bila Kutapeliwa

Siku ya kuadhimisha ndoa yenu inakaribia na hutaki kurudia keki na soda za mwaka jana? Mtoe mwenzako siku mbili kwenye loji ndogo nje ya mji: chai ya moto, kuni zikiwaka jioni, na hakuna mtoto wa kuuliza homework iko wapi. Shida ni kwamba sapraizi kama hii hulipiwa kwa siri na haraka, na hapo ndipo wakora hupata nafasi. Leo tunajifunza kuipanga hatua kwa hatua.

Mfano wetu ni Nanyuki. Iko kilomita kama 200 kutoka Nairobi, chini ya Mlima Kenya, na mstari wa ikweta unapita hapo. Matatu zinafika, kwa hivyo si lazima uwe na gari. Usiku kuna baridi, beba sweta.

1. Jua bei kamili

Tuseme loji imekwambia chumba ni Sh6,000 kwa usiku. Kabla ya kufurahia, uliza: hiyo bei ina ushuru ndani? VAT ni asilimia 16 na tozo ya utalii ni asilimia 2. Kama hazimo, Sh6,000 inakuwa Sh7,080. Kwa usiku mbili hiyo ni Sh2,160 zaidi, pesa ambayo ungelipia chakula. Uliza pia kama kiamshakinywa kimejumuishwa, na kama bei ni ya chumba au ya kila mtu.

Kama tarehe yenu iko kati ya Machi na Mei, jaribu kuomba punguzo. Ni msimu wa mvua ndefu na wageni huwa wachache. Agosti na Desemba shule zimefungwa, kwa hivyo weka nafasi mapema.

2. Weka akiba, usikope

Bajeti yetu ya mfano, ushuru ukiwa ndani:

- Chumba, usiku mbili: Sh12,000
- Nauli na boda: Sh3,000
- Chakula: Sh2,000
- Dharura na gharama za kutuma pesa: Sh1,000

Jumla ni Sh18,000. Ukianza siku 90 mapema, ni Sh200 kwa siku. Weka kwenye akaunti ya akiba ya simu, tena ile unayoweza kuifunga hadi tarehe fulani ili mkono usiwashe. Mkopo wa simu kwa ajili ya wikendi moja si wazo zuri: mtarudi nyumbani mmepumzika, lakini deni linawangoja mlangoni.

3. Hakikisha loji ipo kweli

Picha nzuri mtandaoni si ushahidi. Fanya hivi:

- Tafuta loji kwenye ramani ya Google, kisha upige namba iliyo pale, si ile ya kwenye tangazo pekee.
- Tafuta picha za tangazo kwenye Google. Zikitokea kwenye hoteli ya nchi nyingine, achana nao.
- Omba video call uonyeshwe chumba na geti. Mwenye loji halisi hana sababu ya kukataa.

Ukisikia "kuna mtu mwingine anakitaka hicho chumba, tuma sasa hivi", pumua kwanza. Haraka haraka haina baraka, na mkora anaijua hiyo haraka yako.

4. Lipa kwa njia inayoacha alama

Omba namba ya Paybill au till ya biashara. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Wakati mwingine jina la kampuni hutofautiana na la loji, kwa hivyo uliza mapema litasomaje. Ukiambiwa utume deposit kwa namba ya mtu binafsi, hiyo ni alama ya hatari.

Usilipe zote mara moja kama si lazima. Lipa deposit, upate risiti, na uandikiwe kwa meseji: ukiahirisha, pesa inarudi au la? Usifute SMS ya muamala. Umekosea namba? Omba pesa irudishwe mara moja, kwa sababu aliyeipokea akishaitoa, kuipata ni kazi ngumu.

5. Ficha sapraizi, usifiche pesa za nyumba

Zima maonyesho ya SMS kwenye skrini iliyofungwa, maana meseji moja yenye jina la loji inaweza kuharibu miezi mitatu ya kupanga. Lakini mwenzako akiona salio linapungua bila maelezo, atawaza mambo mengine kabisa, na sapraizi itageuka kesi. Mwambie mapema: "Kuna kitu nakuandalia. Kodi na fees ziko sawa." Hapo siri imebaki na amani pia.

Na hata kama ni wa ubani wako, usichukue simu yake na kutumia PIN yake kulipia. Zawadi hutoka mfukoni mwako.

Anza leo na Sh200 ya kwanza. Kisha mwambie mwenzako jambo moja tu: wikendi hiyo asipange kitu kingine.