Kijana Anaponyong'onyea, Apelekwe kwa Nani?

Mtu akivunjika mguu uwanjani hakuna abishanaye. Wenzake humbeba, mwalimu huita gari, na kabla ya jua kutua yuko hospitali. Lakini kijana akinyong'onyea moyoni, kila mtu husema lake. Huyu asema ni mvivu, yule asema amerogwa, wa tatu asema ni ujana tu, utapita. Siku zapita, naye azidi kuzama.

Makala hii naiandika kwa ajili yetu tulio madarasani, na kwa ninyi wanafunzi wa zamani ambao sasa ni baba na wajomba wa vijana. Tutajifunza mambo matatu: dalili, watu wa kusaidia, na wajibu wetu.

1. DALILI

Kila kijana huhuzunika. Timu ikifungwa, karo ikichelewa, au nyumbani kukiwa na msiba, ni haki yake kukunja uso. Huzuni ya namna hiyo hupungua siku kwa siku. Iliyo ya kuangaliwa ni ile inayokaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, ikamwondolea usingizi, hamu ya kula, masomo na marafiki. Tena kwa vijana si lazima ije na machozi. Mara nyingi huja na hasira. Tuchukue mfano wa mvulana wa Sinia ya Tatu aliyekuwa hodari wa hesabu. Sasa hafungui daftari, hagusi mpira, na akiulizwa neno hujibu kwa ukali. Mwalimu aona utovu wa adabu, na baba aona kiburi. Huenda wote wawili wanautazama ugonjwa bila kuujua.

Jambo hili si geni, wala si la Wazungu peke yao. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kati ya vijana 7 wa miaka 10 mpaka 19 ulimwenguni, mmoja ana shida ya afya ya akili. Na hapa kwetu Buganda, watafiti walipokwenda vijiji vya Masaka na Rakai, walikuta watu wana jina lao la zamani: okwekyawa, yaani mtu kujichukia mwenyewe. Wenye huzuni hiyo waliwekwa katika vikundi, wakakutana kila juma kwa majuma 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: huzuni yao ilipungua sana kuliko ya wale ambao hawakuwa katika vikundi.

Baadaye njia hiyo ilijaribiwa kwa vijana wa miaka 14 mpaka 17 katika kambi za waliokimbia vita kaskazini ya Uganda. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba wasichana walipata nafuu kubwa, lakini wavulana hawakuonyesha nafuu kama hiyo. Kwa maoni yangu yafaa sisi wavulana tujiulize. Tumelelewa tukiambiwa kwamba mwanamume halii, na asiyesema linalomuuma atasaidiwaje?

2. WATU WA KUSAIDIA

Kwanza ni walio karibu: mwalimu mlezi, muuguzi wa shule, kasisi. Kazi yao ni kusikiliza na kuona kama jambo limewazidi.

Pili ni daktari wa kawaida. Yeye huuchunguza mwili kwanza, maana yako magonjwa ya mwili yanayomlegeza mtu na kumbadilisha tabia.

Tatu ni mabingwa. Kampala tunayo Mulago, na tunayo Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955. Najua jina hilo huwatisha wengi. Mitaani, kumwambia mtu "nitakupeleka Butabika" ni tusi. Lakini hospitali hiyo ina mahali pa watoto na vijana, na wagonjwa wengi huja asubuhi, wakaonwa, wakarudi nyumbani siku ile ile. Walio mbali na mji wanaweza kwenda hospitali kubwa za mikoa, kama za Gulu, Arua na Mbarara. Iko pia simu ya Sauti, namba 116, ambayo mtoto au mzazi huipiga bila malipo.

Huko kijana hafungwi minyororo. Huulizwa juu ya usingizi, nyumba, shule na mawazo yake. Mara nyingi tiba ni mazungumzo yanayorudiwa kila baada ya siku kadhaa. Akipewa dawa, wazazi wajue kwamba dawa za huzuni hufanya kazi baada ya majuma kadhaa, wala haifai kuziacha ghafla bila kumwuliza daktari.

3. WAJIBU WETU

Ninyi wazazi, desturi yetu ni njema: ssenga humfunda binti, na wajomba humkanya mvulana. Mashauri hayo yasiachwe, wala sala isiachwe. Ila yasiwe sababu ya kungoja miezi. Wala msimpeleke kijana kwa hila, mkimwambia mnakwenda sokoni kisha mnaingia hospitali. Mwambieni kweli: "Mwanangu, tumeona huna raha. Hatukukasirikii. Twende pamoja tukaulize." Akidanganywa mara moja, hatasema neno mbele ya daktari.

Nasi wanafunzi, ndio tunaoona kwanza. Mwalimu hulala nyumbani kwake. Sisi twasikia nani halali usiku bwenini. Tuna sheria yetu isiyoandikwa kwamba siri ya mwenzako haitoki. Sheria hiyo ni nzuri kwa mambo madogo. Lakini mwenzako akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, siri hiyo si yako tena. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake, na umwite mtu mzima saa ile ile, ijapokuwa ni usiku wa manane. Akikasirika kesho, atakuwa hai akikasirika.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Basi tusingoje kilio.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Huzuni ya kawaida na ile inayohitaji msaada zatofautianaje?
2. Kwa nini si vema kumpeleka kijana hospitali kwa hila?
3. Ni siri gani ya bweni ambayo haifai kufichwa? Toa sababu.