Risasi Gani Humsimamisha Nyati?

Abiria atokaye Ruiru leo kwenda eneo la viwanda la Thika huona magari, majumba na mabomba ya moshi. Lakini mwaka 1909 nchi hii ilikuwa makao ya nyati, simba na viboko. Mwaka huo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, aliwinda nyati karibu na mto Kamiti, tena akakaa Juja, shambani kwa William Northrup McMillan. Miongoni mwa bunduki zake zilikuwamo tatu za namna mbalimbali, nazo zatufaa kwa somo letu.

Ya kwanza, Springfield, ilikuwa na tundu la milimita 7.6, na risasi yake uzito wa gramu 10 hivi. Ya pili, Winchester, tundu lake lilipita kidogo milimita 10, na risasi ilikuwa gramu 19. Ya tatu, Holland yenye mitutu miwili, ilitupa risasi ya gramu 31, nene kupita milimita 11.

Je, iliyo kubwa ndiyo bora? Jibu si jepesi. Risasi ndogo ilikwenda mbio zaidi, mita 800 na ushei kwa sekunde moja; ile kubwa ilikwenda mita 650 hivi. Kwa swala, risasi ndogo yatosha sana. Lakini nyati ana ngozi nene na mifupa mizito. Risasi nyepesi yenye ncha laini huweza kuvunjika begani isifike moyoni. Risasi nzito iliyovikwa chuma kigumu haiharibiki upesi, nayo hupenya moja kwa moja.

Hata hivyo, yuko mwindaji aliyewashangaza wenzake. Jina lake W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Siri yake ilikuwa nini? Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno, akajifunza mahali hasa ulipo ubongo. Kisha alitumia risasi ngumu, wala hakupiga kwa haraka.

Basi tufahamu jambo hili: mnyama huanguka papo hapo risasi ifikapo kwenye ubongo au uti wa mgongo. Akipigwa moyoni, atakufa, lakini aweza kukimbia kwanza, na katika mbio hizo aweza kumwua mtu. Risasi nzito humsaidia anayeshambuliwa kwa karibu. Haiwezi kusahihisha shabaha mbaya.

Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani. Atakayelipa deni si lazima awe yule aliyempiga. Huenda akawa mama aendaye kuokota kuni, au mtoto achungaye mbuzi. Ndiyo maana wawinda wenye heshima walihesabu kumwacha mnyama na jeraha kuwa aibu kubwa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo mwananchi aonaye nyati karibu na shamba lake asimrushie mshale wala mkuki. Na awaondoe watoto, akae mbali, kisha apeleke habari upesi kwa askari wa Shirika la Wanyamapori. Hao wana bunduki ifaayo, na wamefundishwa mahali pa kupiga.