Kompyuta imeganda na oda ziko ndani? Usichomoe waya kwanza

Wadau, hii ni kwa wenye kompyuta za mezani za mtumba zenye Linux, iwe Ubuntu au Mint. Najua tupo wengi, maana hulipii leseni na mashine ya zamani bado inajikongoja vizuri.

Jumamosi nilikuwa naandika oda za viatu, 14 bado sijazisevu, boda yuko mlangoni. Skrini ikaganda. Kipanya hakisogei, hata saa imesimama. Zamani ningechomoa waya. Nilishawahi kufanya hivyo, nikashinda siku nzima inbox, "samahani dada, ulisema namba 38 au 39?" Wawili hawakujibu mpaka leo.

Sasa sikia. Mara nyingi kinachoganda ni picha tu, kompyuta yenyewe bado inafanya kazi kwa ndani. Kama ni Mint ya Cinnamon, anza na Ctrl+Alt+Esc. Inaamsha upya sehemu ya madirisha na menyu bila kufunga kazi zako.

Ikigoma, au kama ni Ubuntu, bonyeza Ctrl+Alt+F3 halafu subiri, hata dakika nzima. Usibonyezebonyeze ovyo. Itakuja skrini nyeusi yenye maandishi. Andika jina lako la kuingilia, kisha nenosiri. Nenosiri halionekani ukiliandika, ndivyo lilivyo. Halafu andika:

free -h

Tazama safu ya available. Ikiwa imebaki kidogo sana, RAM imejaa, na mchawi wa kwanza kumshuku ni brauza. Mimi nina GB 4 tu na nilikuwa nimefungua kurasa kama 20, picha za bidhaa tupu! Ua brauza peke yake:

pkill firefox

Rudi kwa Ctrl+Alt+F2, kwa Mint jaribu F7. Oda zangu zote 14 nilizikuta palepale. Boda alinuna, ila mzigo ulienda.

Kama RAM ipo na picha bado imekufa, kuna sudo systemctl restart gdm3, kwa Mint badala ya gdm3 weka lightdm. Hii inafunga programu zote ulizofungua, kwa hiyo iache iwe ya mwisho.

Hata F3 haiji? Shikilia Alt na PrtSc pamoja, bonyeza S, hesabu mpaka tano, U, hesabu tena, kisha B. Kompyuta itajiwasha upya bila kuumiza diski. Lakini oda ambayo hukuisevu hairudi kwa njia hii, tusidanganyane.

Ikiganda kila siku na RAM haijajaa, ukishawasha upya andika journalctl -b -1 -e uone ilichosema kabla ya kuzimika. Ukikuta maneno kama GPU hang, shida iko upande wa kadi ya picha. Wenye kadi ya NVIDIA ingieni Additional Drivers, kwa Mint ni Driver Manager, mchague draiva inayopendekezwa. Na fungua kava upulize vumbi kwenye feni, joto nalo linagandisha.

Halafu leo hii, kabla hujalala, ingia LibreOffice: Tools, Options, Load/Save, General. Weka AutoRecovery kila dakika 2. Yangu nimeiweka 1.