UHANDISI WA UMEME: MASOMO NA KAZI ZAKE

Watu wengi hudhani kwamba mhandisi wa umeme ni fundi wa kutia taa nyumbani. Fundi huyo ana kazi yake yenye heshima. Lakini mhandisi huangalia njia nzima ya umeme, tangu mtambo unaouzalisha hadi swichi ya jikoni.

Mfano waonekana karibu na Ziwa Turkana. Huko Loiyangalani vinu 365 vya upepo, vyenye uwezo wa megawati 310, vilikuwa vimekwisha kusimamishwa mwaka 2017. Lakini upepo ulivuma bure, kwa sababu waya za kupeleka umeme hadi Suswa, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, zilikuwa hazijamalizika. Zilipokamilika mwaka 2018, ndipo umeme huo ulipowafikia watu. Mtambo usio na njia haumfai mtu.

Tena umeme mwingi hauwekwi ghalani kama mahindi. Kiasi kinachozalishwa hakina budi kulingana na kinachotumiwa, wakati wote. Katika Kenya mkondo wa umeme huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Mizani hiyo ikivurugika sana, mitambo hujizima yenyewe isije ikaharibika, na giza huweza kuenea nchi nzima, kama ilivyotukia mwezi wa Agosti 2023. Kuzuia msiba wa namna hiyo ni kazi ya mhandisi.

Kijana atakaye kazi hii yampasa ashike sana hesabu na fizikia tangu shule ya sekondari. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi masomo haya huchukua miaka mitano. Hata hivyo shahada peke yake haitoshi. Kwa sheria ya mwaka 2011, mhitimu huandikishwa kwanza na Bodi ya Wahandisi, kisha hufanya kazi kwa muda usiopungua miaka mitatu kabla ya kukubaliwa kuwa mhandisi kamili.

Kazi zapatikana katika mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, viwanda, minara ya simu na mitambo ya jua. Lakini nafasi haimngojei kila mhitimu. Basi afadhali mwanafunzi atumie likizo zake kujifunza kazi kwa mikono, wala asione haya kushika koleo na bisibisi kando ya fundi. Maana mwajiri hutaka mtu ajuaye kitabu na waya pia.