Somo: Kununua Land Rover Kuukuu

Wenzetu wa Bujumbura wanaochanga fedha wapate gari la milimani hutazama rangi kwanza. Rangi haipandi mlima wa Bugarama! Land Rover Series, zilizotengenezwa hadi 1985, zina bodi ya aluminiamu isiyoshika kutu. Lakini shasi ni ya chuma, nayo huoza kimyakimya. Basi ingieni uvunguni na nyundo, mgonge shasi yote, hasa nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hakilii, hudondosha maganda. Hilo liacheni, hata likiwa rahisi. Magurudumu yote manne yajaribiwe kuvuta kwenye matope. Kwenye lami kavu mtaumiza gia. Mwisho, namba ya shasi ilinganishwe na kadi, ndipo mchango wa wenzenu utolewe.