Mzee Mwenyewe Hajaulizwa

Wiki hii nilitaka tuongelee michango ya harusi, nimeiweka kiporo. Imenifikia barua kutoka Mjimwema, Songea, kurasa nne za daftari la mkono, mwandiko unaanza umesimama wima na kuishia umelala.

Anayeandika ni binti. Baba yake ni mwalimu mstaafu anayelima mahindi. Miaka miwili iliyopita alikuwa na doa jeusi kwenye kisigino, nyumba nzima ikasema ni mwiba umebaki ndani. Doa likakatwa, kinyama kikapelekwa maabara, jibu likarudi: melanoma, saratani ya ngozi. Kidonda kikafunga, maisha yakaendelea. Mwaka huu kichwa kikaanza kumgonga kila alfajiri, na siku moja akiwa anapukuchua mahindi akaanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. CT-Scan ikaonyesha madoa matatu kwenye ubongo. Sasa kaka mkubwa anataka kuuza ekari nne wampeleke India. Shangazi ana mganga wake. Mama anasema mwacheni apumzike. “Dada, tufuate lipi?”

Mdogo wangu, pole sana. Tuanze kwa kuutoa huo mwiba kwenye kesi. Sisi weusi melanoma hupenda kutuanzia mahali ambapo jua halitupigi: nyayo, viganja, chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu, na hadi leo wapo wanaoapa ni mpira wa miguu uliomponza. Ilipogundulika mwaka 1977 alishauriwa kidole kikatwe, akakataa. Ikasambaa mpaka kwenye ubongo, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kwa hiyo shangazi akisema mzee katupiwa kitu shambani, mjibu kwa adabu, lakini mjibu.

Enzi za Marley dawa za maana kwa ugonjwa huu hazikuwepo. Leo zipo, na ndiyo maana kaka yako hasikii la mtu. Labda kasikia habari za Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani. Mwaka 2015, akiwa na miaka 90, alitangaza kwamba ana madoa manne ya melanoma kwenye ubongo. Akapigwa mionzi ya kulenga madoa yenyewe, akawekewa dripu za pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili iitambue saratani na kuishambulia. Alifariki Desemba 2024 akiwa ametimiza miaka 100. Ni kweli kabisa. Ila madoa yake yalikuwa madogo mno, milimita mbili hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu dripu mbili za aina hiyo zikitolewa pamoja, ipilimumab na nivolumab, ulionyesha zaidi ya nusu ya wagonjwa wakinufaika kwenye ubongo. Hao walikuwa watu ambao madoa hayajaanza kuwasumbua. Wenye dalili, hasa wanaotumia vidonge vya deksamethasoni, hunufaika wachache zaidi. Baba yako ameshaanguka, na kwenye barua umetaja hivyo vidonge. Kaka aambiwe hilo kabla hajamwita mnunuzi wa shamba.

Vidonge vyenyewe msiviache ghafla! Vinapunguza uvimbe unaobana ubongo, ndiyo maana mzee ameamka akiomba ugali. Vinapandisha sukari pia, apimwe. Na kwa kuwa vinaipoza kinga ambayo dripu zinataka kuiamsha, daktari ndiye apange kipimo chake.

Mmeambiwa “mionzi”. Muulizeni daktari, mionzi ipi? Kuna ya kichwa kizima, ambayo kwa kawaida hugawanywa wiki moja au mbili, siku za kazi. Inachosha, nywele hutoka, na kumbukumbu inaweza kufifia, jambo ambalo kwa mwalimu si dogo. Melanoma nayo haiitii mionzi hiyo kirahisi. Kuna ile ya kulenga doa kwa dozi kubwa na kuacha sehemu nyingine salama. Kwa madoa matatu ndiyo ya kuulizia kwanza. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo itakayowaambia mashine zao zinafika wapi, na kwa majirani ipo CyberKnife katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi. Kama doa moja ni kubwa na ndilo linalomwangusha, upasuaji wa ubongo unafanyika Taasisi ya Mifupa (MOI), pale Muhimbili, Dar es Salaam. Na kile kinyama cha kisigino kifuatilieni maabara, maana kinaweza kupimwa jeni iitwayo BRAF. Likionekana badiliko lake kuna vidonge, dabrafenib na trametinib. Vinasinyaza madoa haraka, ingawa kwenye ubongo mara nyingi hurudi baada ya miezi michache. Kwa melanoma ya nyayo badiliko hilo si la kawaida sana, basi msijenge nyumba juu yake.

India sikatai. Ninachokataa ni kuuza kwanza na kuuliza baadaye. Tumeni picha na majibu ya maabara huko, muombe gharama za tiba yote kwa maandishi. Dripu hizi ni mamilioni ya shilingi kila moja, na zinarudiwa kila baada ya wiki kadhaa kwa miezi mingi. Kaka apige hesabu: ekari nne ni dripu ngapi? Na zikiisha kabla ya tiba kuisha?

Mama naye msimnyamazishe. Kumpumzisha mgonjwa ni kazi yenye wataalamu wake, inaitwa tiba shufaa: mofini ya maji kwa maumivu, dawa za kuzuia degedege, mtu wa kuwaonyesha namna ya kumlaza akianguka. Iulizieni hospitali ya rufaa ya mkoa hapo hapo Songea, na ianze hata kama mnaendelea na mionzi.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta mtu mmoja. Kaka kasema, shangazi kasema, mama kasema. Mzee yuko ukurasa wa nne, mstari mmoja: “Baba tumemwambia ni malaria imepanda kichwani.”

Mdogo wangu, kwetu tulimficha baba mdogo hivyo hivyo. Siku ya kufungasha vitu vyake tukakuta chini ya godoro karatasi aliyojiandikia madeni yake na jina la atakayerithi ng'ombe. Alijua zamani, akatuhurumia.

Chagueni asubuhi ya kuongea naye, dawa ikiwa imemkolea na kichwa kimetulia. Nenda wewe peke yako, kikao cha ukoo kingoje. Anza kwa kumuuliza yeye anaionaje hali yake, kisha mwache aongoze. Huenda akataka kila kitu kijaribiwe. Huenda akataka avune kwanza. Usichelewe, maana mkipata rufaa ya Ocean Road ni safari ya karibu kilomita 1,000, na kibao cha pale kimeandikwa saratani. Mwalimu atakisoma kabla hujamshika mkono kumteremsha kwenye gari.