Ruzuku kwa Vikundi vya Afya na Huduma za Jamii Vijijini: Kabla Hujalipia "Fomu", Soma Hapa

Somo ni refu kidogo. Lisevu, ulisome ukitulia.

Kuna dada anauza asali ya Sikonge kwa WhatsApp. Wateja wake wako Dar, wako Mwanza, na anatuma kwa basi. Kijijini kwao ana kikundi cha akina mama kumi na wawili. Wanatembelea wazee na wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani, wanawapelekea unga na sabuni, na mgonjwa akizidiwa wanachangia pikipiki ya kumfikisha zahanati. Hela yote inatoka kwenye asali na kwenye mifuko yao. Juzi akanitumia skrinishoti: "Ruzuku milioni 25 kwa vikundi vya afya vijijini, lipia fomu 85,000 tu." Ilikuwa na nembo ya wizara, na picha ya kiongozi juu. Akauliza, "Kaka, nitume? Tumeshachanga."

Nikamwambia usitume hata mia.

Watu wa Tabora mnajua historia yenu. Misafara ikitoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea Ujiji, watemi wa njiani walidai hongo. Siku hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia: vitambaa, shanga, waya. Ugogo ndiko walikolia zaidi. Lakini mtemi ukimlipa, angalau ulipita! Huyu wa fomu ukimlipa 85,000 atataka 40,000 ya "usajili", halafu "kodi ya kutolea hela", halafu namba haipatikani. Mfadhili wa kweli anatoa hela, haombi yako. Tangazo likisema ni la serikali, tafuta tovuti yenye .go.tz au nenda ofisini halmashauri ukaulize. Kuuliza hakulipiwi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Wengi wanachanganya mkopo na ruzuku, na hapo ndipo vikundi vinapokufa. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni MKOPO. Hauna riba, lakini unarudishwa. Ukiuchukua ukanunulia wagonjwa magodoro, umefanya jambo jema na umejitafutia kesi. Mkopo ule uende kwenye asali, kwenye sabuni, kwenye kitu kinachozunguka. Kazi ya kuhudumia wagonjwa hairudishi hela, hivyo inatafutiwa ruzuku au inabebwa na faida ya biashara. Tafadhali msichanganye daftari la hii na la ile.

Mlango wa kwanza wala hauko Dar. Uko kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Yeye ndiye anayewaelekeza kusajili kikundi halmashauri: katiba, muhtasari wa kikao mlichochagua viongozi, majina na sahihi za wanachama, utambulisho wa mtendaji wa kijiji. Mkishasajiliwa fungueni akaunti ya benki ya kikundi, yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Hela ya mfadhili haiingii kwenye M-Pesa ya mwenyekiti, hata kama mwenyekiti ni mtu wa dini.

Mkitaka kuwa shirika kamili lisilo la kiserikali, hiyo ni Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, na Msajili yuko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Maombi yanafanyika mtandaoni, na unaweza kusajili kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Ushauri wangu: msikimbilie huko. Shirika lina ada na taarifa za kila mwaka, na ukizembea unafutwa. Kikundi cha watu kumi na wawili kianze kama kikundi, kikue.

Wa kuwaandikia ni nani? Foundation for Civil Society ni shirika la Kitanzania, lipo Dar, linatoa ruzuku kwa asasi za kiraia na pia linafundisha usimamizi wa miradi na fedha. Lina msimu wake wa kutangaza, kwa hiyo fuatilia kurasa zao, usisubiri kuforwadiwa. Women Fund Tanzania Trust wanaangalia zaidi vikundi vya wanawake na wasichana. Ubalozi wa Japani una mpango unaojulikana kama Kusanone, na huo unapenda majengo na vifaa, haulipi mishahara wala gharama za kila siku. Kwa kikundi kidogo ni mzigo mkubwa. Ila mnaweza kwenda kuzungumza na hospitali ya misheni iliyo karibu (Tabora mna Nkinga, Ndala, Sikonge), wao wawe waombaji na nyie mtajwe kama watu wa kazi kule vijijini. Kushikilia koti la mkubwa si aibu.

Ukweli mwingine mchungu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID ikafungwa. Mashirika makubwa ya afya yaliyokuwa yanategemea hela hiyo sasa yanagombea milango ileile midogo unayoitazama wewe. Ndiyo maana andiko la "tunaomba msaada, hali ni mbaya" halisomwi mpaka mwisho.

Hapa muuza mtandaoni unawazidi wengi. Wewe umeshazoea kumshawishi mtu asiyekujua akutumie hela kabla hajaona mzigo. Unafanyaje? Unaonyesha bei, unaonyesha bidhaa, unaonyesha waliokwisha kupokea. Andiko la mradi ni hivyohivyo.

Nenda kwa mganga mfawidhi wa zahanati, kwa heshima, na barua ya kikundi mkononi. Muombe idadi kutoka madaftari ya MTUHA, bila majina ya watu: mwaka jana wajawazito wangapi walianza kliniki, wangapi walijifungulia pale. Ukiandika "kati ya wajawazito kadhaa walioandikishwa, hawa hawakufika kujifungua, na kijiji cha mbali kiko kilomita kadhaa porini", mfadhili anaelewa bila machozi. Muulize pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii wako wangapi hapo, maana serikali ilizindua mpango wao jumuishi Januari 2024. Ukiomba hela ya kufanya kazi ambayo tayari ina mtu, unakataliwa. Omba kile kinachokosekana.

Kisha bajeti. Ipige kama unavyopiga gharama ya ndoo ya asali: ndoo, usafiri, kifungashio, stika. Safari moja ya pikipiki ni shilingi ngapi, mara safari ngapi kwa mwezi, mara miezi mingapi. Onyesha pia mnachochangia wenyewe. Yule dada alipofungua daftari lake la mauzo tukakuta miezi minane ya sabuni na nauli, yote kwa tarehe. Hakujua kwamba huo ndio ushahidi.

Picha! Nyie ni watu wa kuposti, najua. Usiposti mgonjwa wala mzee kitandani ili uonewe huruma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa ya afya ya mtu ni nyeti. Piga picha ya daftari, ya akina mama wakifunga mizigo, ya barabara yenyewe wakati wa masika.

Mafunzo: SIDO wana ofisi Tabora, watakusaidia upande wa biashara, usindikaji na vifungashio. Kwa upande wa kuendesha mradi, tovuti ya Kaya ina kozi za bure, nyingi kwa Kiingereza. Chagua mwanachama mmoja anayekielewa asome, halafu awafundishe wenzake kwenye kikao.

Yule dada hajapata ruzuku bado. Andiko la kwanza limekataliwa kwa sababu hapakuwa na akaunti ya kikundi. Ile 85,000 waliyochanga wameitumia kwa katiba, nauli za halmashauri na kufungulia akaunti, na andiko la pili linaandikwa. Mwenye katiba ya kikundi anayotaka tuipitie pamoja, aitume inbox, ila futa kwanza namba za NIDA.